Shajara ya kitalu nyumba, Usa River: kazi ya usafi kutoka Machi hadi Oktoba

10 Machi

Leo tumeng'oa saladi ya mwisho na kuzima pampu. Kitalu kina upana wa mita 8 na urefu wa mita 24, kipo Usa River, upande wa chini wa barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi. Nusu ya kwanza ni mabomba ya PVC ya inchi 4, humo tunaotesha saladi, basili na mnanaa. Nusu ya pili ni ndoo zilizojaa kokoto nyekundu za volkano, za hoho na nyanya. Pande zote mbili zinatumia tanki moja la lita 1,000 lililofukiwa ardhini. Maji yenye virutubisho yanapandishwa kwa pampu, yanapita kwenye mizizi, kisha yanarudi tankini na kuanza mzunguko upya.

Shajara hii itahusu usafi tu. Bei na wateja vina daftari lake. Nimeutenga usafi kwa sababu, kwa maoni yangu, ndio unaoamua kama kilimo hiki kinalipa au hakilipi. Shambani kwenye udongo, mche mmoja ukioza mizizi, wa jirani unaweza kusalimika. Ugonjwa unatembea polepole, na udongo umejaa viumbe vingine vinavyogombania nafasi na chakula na vile vimelea. Kwenye haidroponiki, yaani kilimo cha maji yenye virutubisho bila udongo, mimea yote inakula sinia moja. Pythium, kimelea kinachoozesha mizizi, kinatoa mbegu ndogo zenye mikia ambazo zinaogelea zenyewe ndani ya maji, na pampu inazisafirisha bila kuchoka usiku na mchana. Kikishaingia ndani ya mzizi, hakuna dawa ya kuurudisha mzizi ule. Kwa hiyo kazi yote inabidi ifanyike kabla.

Masika inakaribia. Tunataka kila kitu kiwe kimeoshwa, kimekauka na kimerudishwa mahali pake kabla tope halijaanza.

14 Machi

Siku ya mabomba. Fundi wetu wa maji alipoyajenga hakutia gundi kwenye elbo wala kwenye vizibo vya mwisho, aliweka raba tu, na leo tumezidi kumshukuru. Kila bomba linafunguka pande zote mbili. Anayejenga sasa amwombe fundi wake afanye hivyo hivyo, maana bomba lililogandishwa kwa gundi utaliosha kwa kubahatisha.

Brashi ya mviringo tumeifunga kamba ya manila mbele na nyuma. Kijana mmoja anasimama huku, mwingine kule, wanaivuta kwa zamu. Mvuto wa kwanza unatoa ute wa kahawia wenye vipande vya mizizi ya zamani. Ukiusugua kati ya vidole unateleza, huhisi mchanga hata punje moja. Huo ni utando wa bakteria: wanatengeneza ute, wanajificha ndani yake, na vimelea vya magonjwa vinapata makazi humo humo. Ukimwagia jiki juu ya ute huu unaua tabaka la juu tu, na nguvu ya klorini inaishia kuunguza uchafu badala ya kuua vijidudu. Ndiyo maana tulianza na maji ya sabuni na brashi, na hatukugusa jiki mpaka bomba lilipoacha kuteleza.

Kwenye elbo ndiko kulikokuwa na kazi zaidi. Maji yanapopinda yanapunguza mwendo, mizizi iliyokatika inakwama, inaoza pale pale. Tulitoa mafungu ya mizizi yenye harufu ya mtaro kutoka kwenye elbo ambazo kwa nje zilikuwa safi kabisa.

Kisha kuna magamba meupe ya chumvi kuzunguka matundu ya mimea na pale mipira inapodondosha maji. Maji ya kisima huku chini ya Mlima Meru yana bikaboneti nyingi, kwa hiyo magamba yanaota haraka. Sabuni haiyawezi. Tuliyalowesha kwa asidi ya sitriki ya unga, gramu 20 hadi 50 kwa lita ya maji, na ukiinamia karibu unaona yanatoa mapovu na kusikia sauti ndogo ya kuchemka. Baada ya robo saa yanang'oka kwa ukucha.

Jambo moja nimewakataza vijana kwa ukali: siku ya asidi haiwi siku ya jiki. Vitu hivyo viwili vikikutana vinatoa gesi ya klorini inayounguza mapafu, na ndani ya kitalu kilichofungwa mtu anaweza kuanguka kabla hajafika mlangoni. Ndoo ya asidi ina rangi yake, ya jiki ina rangi yake, na katikati mabomba yanasuuzwa kwa maji mengi mpaka kipimo cha pH, yaani cha uchachu wa maji, kisome sawa na maji ya bombani.

15 Machi

Jiki. Ya madukani ni ya asilimia 3.5. Tunachanganya kipimo kimoja cha jiki na vipimo sita vya maji, tunapata asilimia 0.5. Kipimo hiki hakina siri, kila aliyewahi kufanya kazi kwenye zahanati anakijua. Mabomba, vizibo, vikombe vya neti vinavyoshikilia mimea na trei vyote vilikaa humo nusu saa. Dakika kumi zinatosha kwa kitu kilichokwisha kusuguliwa vizuri, ila sioni hasara ya kungoja kidogo.

Mipira myembamba brashi haiingii. Kwa hiyo tulijaza tanki maji, tukamimina lita 3 za jiki, ambazo zinatoa takriban miligramu 100 za klorini kwa lita, tukawasha pampu ikazungusha usiku kucha. Glavu, miwani, milango yote wazi. Mchanganyiko tunaoutengeneza asubuhi hatuulazi hadi kesho yake, jua na joto vinaumaliza nguvu.

17 Machi

Kusuuza, kisha kukausha. Vijiti vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea vinaonyesha hakuna klorini iliyobaki. Mabomba yameanikwa yakiwa yameinamishwa ili maji yashuke yote. Ukavu nao ni dawa, vimelea vingi vya majini haviuvumilii.

21 Machi

Kokoto. Wakati wa kiangazi tungezitandaza juani chini ya nailoni inayopitisha mwanga kwa wiki nne hadi sita na kuachia jua limalize kazi. Mawingu yameshaanza kukaa kwenye Meru tangu asubuhi, jua hatuna. Tumezipika.

Pipa la lita 200 limewekwa juu ya mafiga, moto wa magunzi ya mahindi, maji yanafika robo ya pipa, juu yake wavu wa chuma, kisha kokoto zilizokwisha kuoshwa na kutolewa mizizi. Gunia lililoloweshwa linafunika mdomo. Mvuke unapanda katikati ya kokoto. Kipimajoto tumekichomeka katikati kabisa, maana pembeni panawahi kupata joto na kukudanganya. Tunaanza kuhesabu nusu saa pale katikati panaposoma nyuzi 80, si pale mvuke unapoonekana. Joto hilo linaua kuvu waozesha mizizi, bakteria wa mnyauko na hata mbegu nyingi za magugu.

Mama jirani alipita na ndoo yake ya maziwa, akasimama. "Mwanangu, mawe yanaiva saa ngapi?" Nilimweleza. Alivuta kipande cha gogo akakaa, akauliza kama mvuke huo ungefaa kwa udongo wa kitalu chake cha miche ya kahawa. Unafaa sana, kwa udongo mchache wa kuoteshea. Tumekubaliana pipa litakwenda kwake likimaliza hapa.

28 Machi

Maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bomba lililooshwa vizuri na kujazwa maji machafu ni kazi bure.

Tuna vyanzo vitatu. Mfereji unaoteremka kutoka mlimani una maji mengi na hauna gharama, lakini kabla haujatufikia umepita kwenye migomba, mashamba ya nyanya na mahali ng'ombe wanakonywea. Unabeba tope, vimelea vya mizizi, na vilevile vijidudu vya tumboni, na saladi inaliwa mbichi. Kisima ni safi kwa upande huo, ila ndiyo yale maji yenye bikaboneti nyingi, na kama maji mengi ya ukanda huu yana floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Maji ya mvua kutoka kwenye bati ni laini kuliko yote, tatizo ni kwamba yanasubiri mvua, na mvua ya kwanza huosha bati, vumbi na kinyesi cha ndege.

Tumeamua hivi. Mfereji hautaingia kitaluni kabisa, utabaki kwa migomba na bustani ya nje. Kitalu kitatumia kisima kilichochanganywa na mvua. Kwenye mfereji wa bati fundi ameweka bomba la kusimama lenye kizibo chini: maji ya kwanza yanajaza bomba hilo na uchafu wake, yanayofuata ndiyo yanayoingia tankini. Baada ya kila mvua tunafungua kizibo na kumwaga.

Hata hivyo maji yote yanalala siku moja kwenye tanki la kutibia. Jiki mililita 140 kwa lita 1,000 inatoa takriban miligramu 5 kwa lita. Na hapa kuna jambo ambalo wakulima wengi wa Arusha hatulipi uzito. Nguvu ya klorini inategemea pH ya maji. Kwenye pH 7.5 nusu ya klorini ndiyo iko katika hali inayoua vijidudu kwa kasi. Kwenye pH 8.5, ambayo si ajabu kwa visima vya huku, inabaki kama sehemu moja kwa kumi. Watu wawili wanaweza kutia kipimo kile kile cha jiki, mmoja wa Usa River na mwingine mwenye maji ya mvua matupu, na matokeo yasifanane hata kidogo. Tunashusha pH ya tanki kwanza hadi karibu 6.5 kwa asidi iliyozimuliwa, tunakoroga vizuri, ndipo jiki inafuata ikiwa nayo imezimuliwa kwenye ndoo ya maji. Asidi kali na jiki kali havikaribiani hata kwa bahati mbaya.

Asubuhi yake pampu ndogo ya hewa inapuliza tankini hadi kijiti kionyeshe klorini imeisha. Mizizi ya saladi haiipendi klorini hata ikiwa kidogo, na tunataka maji yafike kwenye virutubisho yakiwa matupu.

9 Aprili

Masika imeshika. Njia kutoka getini ni tope jeusi la kunata, na kila anayeingia analibeba.

Wengi huweka karai la dawa mlangoni na kuridhika. Mimi silitegemei. Kiatu chenye tope kikikanyaga kwenye jiki, tope linaimaliza jiki kabla haijafika kwenye soli, na kufikia saa nne asubuhi karai lile ni maji machafu yanayonuka dawa. Tumejenga kibaraza chenye milango miwili mbele ya kitalu, kiasi cha mtu kusimama na toroli. Mlango wa nje unafungwa kabla wa ndani haujafunguliwa. Hapo katikati unavua viatu vya nje, unanawa mikono kwa sabuni, unavaa gambuti za ndani ambazo hazitoki kamwe. Karai lipo, lenye kipande cha godoro kilicholoweshwa, lakini ni kwa ajili ya magurudumu ya toroli.

Makoti ya ndani ni meupe. Kijana wetu mmoja alifika na jezi yake ya Yanga, nikamwomba aivue au aifunike. Rangi ya njano inawavuta inzi weupe na vithiripi, ndiyo maana mitego ya gundi huwa ya njano, na mtu mwenye shati la njano anawabeba kutoka shamba la nyanya la jirani hadi ndani. Alivaa koti bila kinyongo, na sasa yeye ndiye anayewaangalia wageni nguo zao.

Utaratibu wa kazi pia umebadilika. Asubuhi mtu anaanza kwenye miche midogo, anakwenda kwenye saladi kubwa, kisha hoho na nyanya, na mwisho kabisa mmea wowote unaoshukiwa. Akishamaliza huko harudi nyuma siku hiyo. Hili halina gharama hata shilingi, na nadhani limetusaidia kuliko dawa yoyote tuliyonunua.

26 Aprili

Miche. Trei tulizoletewa kutoka kitalu kimoja cha kununua zilikuwa nzuri kwa macho. Binti anayesimamia miche alizigonga kidogo kwa kiganja na vimbu vidogo vyeusi vikaruka kutoka kwenye kokopiti, ule unga wa makumbi ya nazi. Viluwiluwi vyao vinatafuna mizizi michanga, na wanaweza kueneza Pythium kutoka trei hadi trei. Trei zote zimerudishwa, hazikuvuka kibaraza.

Tangu leo tunaotesha wenyewe kwenye meza ya kimo cha kiuno, nje ya kitalu kikubwa, chini ya neti yake. Trei zinapigwa brashi na kuloweshwa jiki kila zinapotumika, kokopiti inatoka kwenye mfuko uliofungwa, na mfuko uliofunguliwa haukai chini. Binti anamwagilia asubuhi tu ili juu pakauke kabla ya jioni. Vimbu hivyo vinataka unyevu na mwani wa kijani juu ya kokopiti, ukivinyima hivyo vinahama.

20 Mei

Mvua nyingi, hewa nzito. Alfajiri matone yanatundika chini ya nailoni ya paa, na paa likitikiswa na upepo yanaanguka juu ya majani. Ukungu wa kijivu umeonekana kwenye maua ya nyanya yaliyokwisha kunyauka na kwenye majani ya chini ya saladi yanayogusa bomba.

Tulichofanya ni kuokota. Kila asubuhi mtu anapita na mfuko, anatoa jani lililokufa, ua lililokauka, shina lililovunjika, anavitia mfukoni taratibu bila kupukuta, kwa sababu vumbi lile la kijivu ndizo mbegu zenyewe. Mfuko unafungwa mdomo humo humo ndani ndipo utoke. Majani mazima ya saladi yanayopunguzwa wakati wa kuvuna yanakwenda kwa ng'ombe wa mama jirani. Ya nyanya hayaendi, yana sumu kwa mifugo, hayo yanafukiwa mbali, upande wa chini wa mteremko.

Mapazia ya pembeni tunayafungua mapema kuliko zamani, hata kukiwa na baridi. Unyevu ukitoka asubuhi, ukungu unakosa usiku wake mrefu. Vijana waliogopa mimea itapata baridi. Saladi haijali.

Nailoni nyeupe iliyofunika sakafu tumeiondolea madimbwi kwa kusawazisha kokoto chini yake. Panapotuama maji panaota mwani, watu wanateleza, na vimbu vinarudi.

22 Juni

Baridi. Maji ya tanki yanasoma nyuzi 15 alfajiri, mimea inakua polepole, magonjwa pia. Tumetumia utulivu huu kufunika kila tundu la bomba lisilo na mmea kwa kizibo cheusi. Mwani unahitaji mwanga na virutubisho, vya pili hatuwezi kuviondoa, basi tunaondoa cha kwanza.

13 Julai

Hoho zimeanza kubeba, na msimu wa watalii umechangamka, hoteli na kambi za porini zinataka mboga. Mambo mawili yamenishughulisha wiki hizi.

La kwanza ni ugoro. Mzee wetu mlinzi anautumia, kama wazee wengi wa huku, na anapenda kupita kwenye hoho kuzikagua kwa vidole. Virusi vya batobato ya tumbaku vinabaki hai ndani ya tumbaku iliyokaushwa kwa miaka mingi, na vinahama kwa kugusa tu: kidole, jani, basi. Spiriti haivimudu vizuri. Sabuni na maji mengi vinavitoa mkononi, na wanaoshika miche huchovya vidole kwenye maziwa ya unga yasiyo na mafuta yaliyokorogwa, protini ya maziwa inavifunika virusi visiambukize.

Nilimwendea jioni. "Shikamoo babu."

"Marahaba."

Nikamweleza kama nilivyoandika hapa, sikupunguza wala kuongeza. Alinyamaza, akauliza, "Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye kiko cha baba yangu tangu zamani?" Nikamjibu kwamba unaweza kuwepo kwenye tumbaku yoyote, na haumdhuru mtu, unadhuru nyanya, hoho na jamaa zao. Akasema atanawa. Na ananawa, sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha anaangalia hoho akiwa amefunga mikono nyuma.

Mikasi ya kuvunia iko miwili kwa kila mtu. Mmoja unakata, mwingine umelala kwenye chombo cha jiki iliyozimuliwa, wanabadilishana kila mstari unapoisha. Unakula kutu, ndiyo, tunaupaka mafuta jioni.

La pili ni kreti. Tulikuwa makini na viatu, nguo, miche, huku kreti zikitoka soko la Kilombero la Arusha mjini na gulio la Tengeru na kuingia moja kwa moja. Sokoni kreti inakaa chini, inabeba nyanya zilizooza za mtu mwingine, inasukumwa kwenye tope. Sasa kreti za plastiki za rangi ya bluu haziendi sokoni. Tunavunia humo, tunahamishia kwenye kreti za sokoni nje ya kibaraza. Zinazorudi zinapigwa brashi, jiki, jua, zote tatu.

7 Septemba

Vumbi. Upepo unatoka upande wa Kikwe na tambarare za chini, paa limekuwa la kahawia. Nailoni chafu inaiba mwanga, mimea inarefuka na kuwa dhaifu, na mmea dhaifu hauchelewi kuugua. Tumeliosha kwa maji, sabuni kidogo na mti mrefu uliofungwa sponji laini. Hakuna brashi ngumu, inakwaruza na mikwaruzo inashika vumbi zaidi. Neti za pembeni nazo zimejaa, hewa haipiti, ndani joto linapanda. Hizo tunazipiga maji kutoka ndani kwenda nje, ili vumbi lirudi lilikotoka.

Nje tumefyeka ukanda wa mita tatu kuzunguka kitalu chote na kutandaza moramu. Kishona nguo ndiyo iliyokuwa nyingi, na ukiitikisa wakati huu wa kiangazi inzi weupe wanatoka. Shamba la upande wa magharibi lina nyanya zilizotobolewa na Kantangaze, mdudu huyu aliyeingia nchini 2014 na hajaondoka. Kwa kuwa hatuwezi kuamua mwenzetu alime nini, tumekagua neti inchi kwa inchi na kushona kila tundu. Matundu mengi yalikuwa chini, karibu na ardhi, pale majembe yanapogusa.

Kwa dawa za kupulizia, tunazihesabu kuwa za mwisho, na kila chupa tunaisoma namba yake ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Makao makuu yao yapo hapa hapa Arusha, mwenye wasiwasi na chupa aende akaulize.

21 Septemba

Mapema mwezi huu umeme ulikatika mchana wa jua kali na betri ya akiba haikufika jioni. Maji yalisimama kwenye mabomba. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika nyuzi 30 ni kama 7.5, na hiyo ni usawa wa bahari. Hapa juu inapungua tena. Mizizi iliyosongwa inatoa utomvu unaomvuta Pythium, na inakosa nguvu ya kujitetea.

Siku chache baadaye mstari mmoja wa saladi, ule wa mwisho kuelekea magharibi, ulikuwa unalala mchana na kuamka jioni. Kwa juu majani yalikuwa ya kijani bado. Binti alinyanyua kikombe kimoja. Mzizi wenye afya unakuwa mweupe, una vinyweleo, hauna harufu. Huu ulikuwa wa kahawia, na alipoubana kati ya kidole gumba na cha shahada akauvuta, ganda la nje liliteleza likabaki vidoleni, ndani ukaning'inia uzi mwembamba mtupu. Hiyo ndiyo dalili yenyewe, hakuna haja ya kubishana.

Bomba hilo lilifungwa maji pale pale, mimea yote ikaondolewa pamoja na ile iliyoonekana mizima, kila kikombe kikitiwa mfukoni bila kudondosha maji sakafuni. Tanki zima likamwagwa kwenye migomba. Virutubisho vina bei, na mdogo wangu aliuliza kama tungeweza kuyatibu maji yale badala ya kuyamwaga. Haidrojeni peroksaidi inaua mbegu zinazoogelea, kisha inavunjika kuwa maji na oksijeni, ni kweli. Lakini haiwafuati waliokwisha kuingia kwenye mzizi au waliojificha kwenye ute, na kesho yake wanatoka tena. Niliona bora kulipia tanki moja jipya kuliko kuendelea kuishi na shaka.

Mabomba mengine yamekaguliwa kila asubuhi tangu hapo. Mizizi yake ni myeupe. Nina hakika kilichoyaokoa ni kwamba kuta zake hazikuwa na ute wa kushikilia kimelea. Kilipita na maji, kikakosa pa kukaa.

4 Oktoba

Uamuzi mkubwa wa mwaka: tanki moja linagawanywa kuwa matatu. Saladi ya magharibi, saladi ya mashariki, na ndoo za kokoto, kila upande na pampu yake na mipira yake, na brashi yenye rangi yake. Ugonjwa ukiingia upande mmoja hautakuwa na barabara ya kwenda kwingine. Fundi ameanza kuchimba. Matanki yatafukiwa mpaka shingoni, vifuniko vipakwe rangi nyeupe, maji yabaki chini ya nyuzi 24 hata Februari.

Kabla ya vuli tunarudia kazi ya Machi, safari hii upande mmoja kwa wakati ili mavuno yasisimame. Tunaanza na magharibi: sabuni na brashi, suuza, asidi, suuza, siku inayofuata jiki, suuza, kausha. Magunzi ya kupikia kokoto mama jirani ameshatuwekea magunia mawili, na pipa letu linarudi kwake Jumatatu kwa ajili ya udongo wa miche ya kahawa.